Maua Hayapikwi: Mwongozo wa Chai za Kichina kwa Anayeanza

Kila Aprili na kila Oktoba, Maonyesho ya biashara ya Canton yanapofunguliwa hapa Guangzhou, China, simu yangu haipumui. Watu wa Kariakoo, Eastleigh, Kampala na Lubumbashi waliofuata mzigo wanamaliza shughuli zao, jioni wanazurura, wanakuta maduka yenye magunia ya maua makavu, halafu picha zinaanza kumiminika. "Haya maua ni ya nini?" "Hivi vitunda vyekundu vinachemshwa au vinatafunwa?" "Nimepewa pakiti imeandikwa Kichina kitupu, ninywe nisinywe?" Majibu ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika mara moja.

Aliyenisukuma hasa ni mama mmoja muuza vitenge. Alinunua nusu kilo ya maua ya juhua, yaani krisantemu, akarudi nayo Dar. Wiki mbili baadaye akapiga: "Mwanangu, hii chai yako chungu kama shubiri. Wajukuu wameikimbia." Nikamuuliza ameiandaaje. Alijaza konzi nzima ya maua kwenye sufuria, akatia na majani ya chai, akaiacha itokote hadi ikawa nyeusi. "Mama, hayo maua hayapikwi." Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona hukusema?"

Kweli, sikusema. Basi nasema: maua na majani laini humwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Matunda makavu, maganda na mizizi huchemshwa. Maswali mengi ninayopata yanaishia hapo.

Maneno machache kuhusu "kupoza"

Nyingi ya chai hizi hazina hata jani moja la chai, kwa hiyo hazina kafeini. Huku Guangdong, mkoa wenye joto na unyevu kama wa Tanga mwezi Machi, wanaziita liangcha, yaani chai ya kupoza. Ni jambo la zamani: jina la Wang Laoji, ambalo leo utaliona kwenye makopo mekundu kila duka, linahesabiwa kuanzia mwaka 1828, na mwaka 2006 liangcha iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa la China.

Kupoza huku si joto la kikombe, maana liangcha yenyewe mara nyingi hunywewa ya moto. Ni tabia ya kitu mwilini. Wachina husema vyakula vya kukaanga, pilipili na kukesha "hupandisha moto": koo linawasha, mdomo unatoka vidonda, uso unatoka chunusi. Juhua hupoza, tangawizi hupasha. Mtu wa pwani hatashangaa, kwa sababu hata jina la ugonjwa wa baridi yabisi limetoka kwenye tiba ya namna hiyohiyo, ya baridi, joto, ukavu na unyevu. Ni lugha ya kuusoma mwili. Haipimi presha yako wala sukari yako, na kwa hayo kuna zahanati.

Kabla hujaanza

Vyombo unavyo tayari: birika, kikombe chenye mfuniko au glasi nene ya kufunika kwa kisosi, chujio, na sufuria ya stili, ya udongo au ya enameli. Sufuria ya chuma na ile ya alumini iliyochakaa iache, hasa ukichemsha vitu vichachu. Mizani ndogo ya jikoni itakusaidia, ila si lazima.

Vitu vya kununua nimevichagua kwa sababu moja: unaweza kuvitambua kwa macho, na Wachina wenyewe huvila jikoni bila kwenda kwa mganga.

- Juhua: maua madogo ya krisantemu, meupe ya maziwa au ya njano.
- Gouqi: vitunda vyekundu virefu kama punje za mchele zilizovimba. Huko kwetu vinauzwa kwa jina la goji. Vinavyosifika hutoka Ningxia.
- Hongzao: matunda mekundu yenye mikunjo. Wakalimani huyaita "tende nyekundu", na wateja wangu hulalamika kwamba hayana ladha ya tende. Si tende, ni ndugu wa kunazi wetu. Ukitafuna moja utamjua.
- Chenpi: ganda la chenza lililokaushwa na kuwekwa miaka. La kwao maarufu hutoka Xinhui, hapahapa Guangdong, na halihesabiwi kuwa chenpi kabla ya kutimiza miaka 3.
- Gancao: mzizi mtamu uliokatwa mshazari. Maduka ya dawa za asili ya Mombasa na Unguja wanaujua kama urukususu.
- Wumei na shanzha: wumei ni tunda jeusi lililokaushwa kwa moshi, shanzha ni vipande vyekundu vichachu. Hivi ni vya kinywaji cha baridi nitakachokieleza mbele.
- Choya kavu: Wachina huiita luoshenhua. Usiibebe kutoka China, jamani. Dodoma ipo tele.

Halafu jikague mwenyewe. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, muulize daktari kwanza, kwa kila kitu kwenye orodha hii. Ukiwa unatumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, gouqi usiiguse, maana imeshawahi kuzidisha nguvu ya dawa hiyo kwa wagonjwa. Mwenye presha aache gancao: ikinywewa sana hupandisha presha na kushusha potasiamu mwilini. Anayepiga chafya akikaribia maua ya jamii ya alizeti ajihadhari na juhua. Mwenye sukari akumbuke kwamba hongzao ni tamu hata kabla hujatia chochote.

Hatua 1: Chagua chai moja tu

Usianze na mchanganyiko wa vitu 8. Ukipata muwasho hutajua umesababishwa na nini. Koo kavu, macho yamechoka kwa simu, umekula chipsi wiki nzima: anza na juhua na gouqi. Unahisi baridi, mvua imekunyeshea, tumbo linakaza siku za mwezi: hongzao na tangawizi. Jua kali, umekula nyama nyingi, unataka kitu cha kunywa na wageni: suanmeitang, maji ya ukwaju ya Wachina, ingawa ukwaju haumo.

Hatua 2: Nunua kwa macho na pua

Hapa Guangzhou soko la jumla la vitu hivi ni Qingping, mkabala na kisiwa cha Shamian. Nenda asubuhi. Bei zinatajwa kwa jin, na jin moja ni gramu 500. Watu husikia bei, wakadhani ni ya kilo, wakashangilia, halafu wakifika kulipa wanasema wameibiwa. Hawajaibiwa. Ukivuka kwenda Hong Kong, jin ya huko ni kubwa zaidi, kama gramu 600.

Kinachonipa tabu ni salfa. Wauzaji wengine hufukiza bidhaa kwa moshi wa kiberiti ili zing'ae na zisiote ukungu. Tia mkono ndani ya gunia, chukua konzi, ifumbe kiganjani mpaka ipate joto, kisha nusa. Ukisikia harufu ya njiti iliyowashwa sasa hivi, rudisha. Juhua nzuri ina rangi ya samli iliyoganda. Nyeupe kama karatasi ni ya kutiliwa shaka. Gouqi itazame kwenye ncha, pale iliposhikana na kikonyo: pawe na doa jeupe. Ikiwa nyekundu kila mahali hadi nchani, imetiwa rangi, na ukiilowesha kwenye maji ya baridi utaona wekundu unakimbia. Chenpi ya kweli ni kahawia, kavu hadi inavunjika, na harufu yake imetulia, haichomi pua kama ganda bichi.

Muulize muuzaji "wuliu?", yaani bila salfa. Atasema ndiyo. Wote husema ndiyo. Nusa hata hivyo.

Kama uko nyumbani, hongzao na gouqi zinapatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kichina Dar na Nairobi. Tangawizi, choya na urukususu ni za sokoni kwako. Ganda la chenza unaweza kukausha mwenyewe: lioshe sana, lianike juani hadi livunjike. Halitakuwa chenpi, lakini litanukia vizuri.

Hatua 3: Suuza

Vitu hivi vimeanikwa nje, vina vumbi. Juhua na gouqi zimwagie maji ya moto kidogo, tikisa, mwaga ndani ya sekunde 5. Hongzao isugue kwa vidole kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu mchanga hujificha kwenye mikunjo. Wumei, shanzha na chenpi suuza mara mbili.

Hatua 4: Maua – mwagia, funika, subiri

Kwa kikombe cha mililita 300: maua 5 au 6 ya juhua na punje 10 hadi 15 za gouqi. Ndiyo, maua sita. Yule mama alitia kama mia.

Chemsha maji, yaepue, hesabu dakika moja, ndipo umwagie. Funika dakika 5. Ukitumia glasi utaona kitu kizuri: ua lililokuwa limejikunja kama kifungo cha shati linaanza kulegea, petali moja moja, hadi linaelea wazi na maji yanachukua rangi ya mafuta ya alizeti. Hapo imeiva. Kunywa ukibakisha theluthi, ongeza maji, rudia mara 2 au 3. Mwisho zile gouqi kula kwa kijiko, zimeshakuwa laini.

Sukari si lazima. Ukitaka, kijiko kidogo cha asali baada ya chai kupoa kidogo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Hatua 5: Matunda na mizizi – chemsha kwa moto mdogo

Hongzao 6, tangawizi kipande cha gramu 15 (kama kidole gumba), maji mililita 800.

Pasua hongzao, toa kokwa. Wavivu huziacha nzima, na chai yao inakuwa maji mekundu yasiyo na ladha, maana ganda la nje ni gumu na utamu umekaa ndani. Tangawizi ikate vipande vyembamba, usiimenye, ioshe tu. Tia vyote kwenye maji ya baridi, washa moto, ikichemka punguza moto uwe wa kutokota polepole. Funika. Baada ya dakika 20 hadi 25 nyumba itanukia na maji yatakuwa ya rangi ya hudhurungi. Ukipenda utamu, kipande cha sukari guru kinatosha. Chuja, kunywa moto, na hongzao zilizobaki zitafune.

Hatua 6: Suanmeitang, ya kuweka kwenye friji

Hii ni ya Beijing zaidi kuliko Guangzhou, lakini ndiyo ambayo wageni wangu wote huomba jagi la pili.

Wumei gramu 30, shanzha gramu 20, chenpi gramu 5, gancao vipande 3 vyembamba, choya maua 4 au 5. Maji lita 1.5.

Loweka vyote nusu saa kwenye maji hayohayo utakayochemshia, ila choya iweke pembeni kwanza. Chemsha, punguza moto, acha dakika 40. Choya itie dakika 5 za mwisho, kwa sababu ni ua na sheria ya maua unaijua. Chuja. Tia sukari ya mawe au sukari ya kawaida gramu 80, koroga, onja. Itakuwa na uchachu unaobana mashavu, utamu nyuma yake, na moshi kidogo wa wumei. Ukikosa moshi huo, umeuziwa wumei ya kupakwa rangi. Ipoze kabisa kabla ya kuweka kwenye friji, na imalize ndani ya siku 3.

Mwenye vidonda vya tumbo hii aiache, ni kali kwa uchachu.

Hatua 7: Kunywa kwa kiasi

Kikombe kimoja au viwili kwa siku. Za kupoza, kama juhua, usinywe tumbo likiwa tupu. Kama unameza dawa za hospitali, acha saa 2 kati ya dawa na chai, na mwambie daktari unachokunywa. Usione haya, afadhali ajue. Baada ya wiki moja au mbili pumzika siku kadhaa.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Pakiti za kupunguza unene. Dada zangu, hizi ndizo mnazoulizia kuliko zote. Geuza pakiti utafute neno fanxieye. Hiyo ni sanamaki, ileile bibi aliyokuchemshia ulipofunga choo. Unachopoteza ni maji, si mafuta, na utumbo ukizoea hautaki tena kufanya kazi bila kusukumwa.

Mchanganyiko usio na orodha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo baada ya kutumia dawa za kupunguza uzito zenye miti shamba ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, wenye asidi ya aristolokia, ambayo ni sumu ya figo. Jina likifanana, mmea si lazima uwe uleule. Ndiyo maana narudia: nunua vitu ulivyoviona kwa macho, kimoja kimoja, wala usikubali unga.

Chai badala ya dawa. Kuna anayeniuliza kila mwaka kuhusu pakanga na malaria, "si ni ya Wachina hiyo?" Ni kweli dawa ya artemisinini ilitoka kwenye mmea huo, na mwanasayansi wa China aliyeigundua, Tu Youyou, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Lakini kazi yake ilifanikiwa pale alipoacha kuuchemsha, kwa sababu moto ulikuwa unaiharibu dawa yenyewe. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa malaria. Homa ikipanda, nenda kapime.

Ejiao. Wauzaji wa hongzao huiweka jirani, vipande vyeusi vinavyong'aa kama halua, na huchanganywa na jozi na hongzao kuwa kitafunio. Ni gundi ya ngozi ya punda. Wengi hula bila kujua, wakijua wanatema. Kwa Waislamu jambo liko wazi, na kwa wote, Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ukipewa ya kuonja, uliza kwanza.

Mambo yakienda kombo

*Chai ya juhua imegeuka kijani.* Swali hili hutoka Dar zaidi kuliko kwingine, na sababu ni maji. Maji ya kisima yenye chumvichumvi na magadi hubadilisha rangi ya juhua, hasa ikikaa muda. Si sumu. Tumia maji ya chupa au ya mvua uone tofauti.

*Ni chungu.* Maua mengi au umefunika nusu saa. Punguza yote mawili. Baadhi ya chai ni chungu kwa asili: ile iitwayo ya ladha 24, inayouzwa kwa vikombe kwenye vibanda vyenye mapipa ya shaba, niliinywa siku ya kwanza nikadhani muuzaji ana ugomvi na mimi. Alinipa kipande cha chenpi yenye sukari, akacheka na kugeukia mteja mwingine.

*Haina ladha wala harufu.* Imezeeka, au hongzao hukuipasua.

*Tumbo linaendesha.* Acha mara moja. Kwa wengi ni juhua nyingi kwenye tumbo tupu. Ikiwa ulikunywa mchanganyiko wa dukani, soma tena habari ya sanamaki. Ikizidi siku mbili, hospitali.

*Vipele, midomo kuvimba, kubanwa kifua.* Hapa usinywe maji ya limau ukisubiri. Nenda hospitali saa hiyohiyo na ubebe pakiti.

*Wadudu kwenye juhua, ukungu kwenye hongzao.* Unyevu wa pwani. Ukifika nyumbani tu, gawa kwenye mifuko midogo, kamua hewa, funga, weka kwenye friza. Toa ya wiki moja moja kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Chenpi peke yake haitaki friji: iweke pakavu, na kila baada ya miezi kadhaa siku ya jua kali ianike saa chache. Yenye ukungu usiisuuze ukaitumia, tupa.

*Nimezuiliwa uwanja wa ndege.* Mimea mikavu ni mimea. Itangaze kwa wakaguzi wa afya ya mimea ukifika, TPHPA kwa Tanzania, KEPHIS kwa Kenya, na iache kwenye pakiti ya duka yenye maandishi. Konzi ya maua yasiyo na jina ndani ya soksi, kama alivyofanya mteja wangu mmoja, itakukalisha chumba cha ukaguzi hadi teksi yako iondoke.